Vitore na Mkate wa Lule

Nianze na aibu yangu, niitue mapema. Kwa miaka kumi na minane nilikuwa nikimkwepa Vitore. Wala si mimi peke yangu. Kijiji kizima cha Gurra kikimwona anashuka njia ya shule na lile koti lake la kiume, watu wanakumbuka ghafla kwamba hawajawanywesha ng'ombe. Yeye alikuwa tabibu msaidizi wa zahanati yetu, na kusalimiana kama binadamu wengine hakujua. Unamwambia, "Umeamkaje, tabibu," yeye anakujibu, "Umekwenda choo lini?" Mbele ya watu! Mbele ya wakwe! Kwenye harusi ya binamu yangu alimuuliza hivyo bwana harusi, kijana wa watu kashika kikombe chake cha raki, pombe yetu kali ya matunda, akawa mwekundu kama pilipili.

"Mwili hausemi uongo," Vitore alikuwa akipenda kusema. "Wanaosema uongo ni ninyi wenye miili."

Mimi ni Drande, mke wa Pal mwenye kinu cha maji. Ulimi wangu unajulikana mpaka ng'ambo ya mto, na sikuwa na nafasi ya mwanamke wa kuniuliza habari za choo.

Alikuja kwetu ana miaka ishirini na miwili, na sanduku moja la nguo, na jingine la mbao ambalo hakumruhusu mtu alibebe. Baba yake alikuwa kifungoni kwa kuisema serikali, na zama zile mtoto wa mfungwa hapelekwi chuo kikuu hata awe na akili ya kupasua mwamba. Wakampa miaka miwili ya utabibu msaidizi kule Shkodra, wakamtupa milimani kwetu, wakadhani wamemkomesha. Nyoo! Ndani ya lile sanduku mlikuwa na hadubini ya shaba aliyoachiwa na mwalimu wake mzee. Akaiweka dirishani mwa zahanati, penye mwanga, na kila aliyekwenda na homa alitobolewa kidole, tone la damu likapakwa kwenye kioo. Tukampa jina: Vitore wa Kioo.

Siku moja nilimsikia akizungumza na mume wangu. Alimuuliza, "Pal, unajuaje kwamba nafaka imekwisha kinuni, nawe uko nyumbani unakula?"

"Nasikia. Jiwe linabadilisha sauti."

"Basi na mimi hivyo hivyo. Ukijua kitu kinavyokwenda kikiwa kizima, kikiharibika utajua kimeharibikia wapi."

Pal alimpenda tangu siku ile. Mimi nikaona, aka, anajilinganisha na watu wa kazi.

Sasa niseme habari za kinu chenyewe. Kilikuwa cha baba mkwe wangu. Ushirika ulikichukua, ukakiua, jiwe la juu wakalitupa uani likapasukapasuka kwa barafu. Sisi tukala unga wa serikali, wa mahindi, mkavu kama machujo ya mbao. Kisha serikali ile ikaanguka, ushirika ukavunjika, na lori la unga halikuja tena. Watu wamevuna ngano yao, shambani kwao wenyewe, na hakuna pa kusagia. Pal akasema: niachieni mimi. Akalirudisha jiwe la baba yake, akaziba nyufa, akayafungulia maji mfereji wa zamani. Unga wa kwanza ulipotoka, mweupe, laini, wazee walilia. Hata mimi nililia, na si kawaida yangu.

Hakuna nyumba ambayo haikuleta magunia kwetu, isipokuwa moja. Dava, mwanamke jirani yetu wa chini, mfereji wetu ulimnyang'anya maji ya shamba lake la plamu. Akaapa mbele ya kijiji kwamba punje yake haitapita chini ya jiwe la Pal maadamu yu hai. Yeye na wake za wanawe wakabaki wanasaga kwa mawe ya mkono kama wanawake wa zama za Nuhu, na mimi kila nikipita nawapigia vijembe: "Poleni jamani, mikono bado ipo?"

Na kuna desturi ya nyumba yetu, ya mababu. Jioni, kinu kikisimama, mwenye kinu anachukua ufagio mdogo wa manyoya, analipangusa jiwe lenyewe. Ule unga unaong'ang'ania jiweni ndio laini kuliko wote. Tunauita unga wa jiwe. Hauuzwi wala hatuuli sisi wenyewe tukiwa wazima. Mkate wake ni wa mgonjwa, wa mzazi na wa mgeni. Palipo na mgonjwa Gurra, mke wa mwenye kinu ndiye anayeupeleka, na mwaka ule niliupeleka nyumba nyingi.

Maana maradhi yaliingia. Yalianza wakati wa Krismasi: matumbo ya kusokota, choo kinafunga wiki nzima, watu wanapauka kama mishumaa. Mzee mmoja mikono ilimlegea akashindwa kufunga vifungo vya shati. Wengine wakasema ni maji, wengine wakasema ni laana ya kuyafungua kwa mikono michafu makanisa ambayo serikali ile iliyafunga. Mimi nilikuwa na jibu langu. Nyumba ya Dava hakuna aliyeugua. Hata mmoja! Sasa hapo mtu na akili zake anahitaji kuambiwa nini tena?

Lule wangu, binti yangu wa pekee, alikuwa na miaka kumi na minne. Mwezi wa pili tumbo lilimkamata akapiga kelele mpaka ng'ombe wakaitika. Tukamkimbiza hospitali ya wilaya, Daktari Kol akampasua, akatoa kidole tumbo. Kule mgonjwa hulishwa na ndugu zake, basi nikampelekea mkate wa unga wa jiwe kila baada ya siku mbili. Hakutaka kula. Nikambembeleza, nikamlisha kwa mkono wangu: kula mama, tonge moja tu, hili la baba, hili la bibi. Baada ya wiki tatu akarudi nyumbani, mifupa na macho.

Jumapili baada ya Pasaka tumbo likarudi.

Vitore akaja bila kuitwa. Lule alikuwa amejikunja kitandani, kaubana mto tumboni kwa magoti.

"Nikikubonyeza hapa, mwanangu?"

"Bonyeza, tabibu. Zaidi. Zaidi!"

Vitore akaweka mikono yote miwili, akalalia tumbo la mwanangu kama anayekanda unga. Nikaruka kumvuta koti. Lakini Lule alishusha pumzi, uso ukalegea.

"Umeona hilo?" Vitore akaniambia. "Tumbo lenye usaha halitaki hata shuka liguse. Hili linaomba kubanwa. Na hana homa. Drande, ndani hakujaoza kitu. Utumbo umekazwa, kuna kinachoukaza."

"Daktari Kol alisema likirudi atapasua tena, juu zaidi."

"Asipasue. Hebu mwangalie rangi yake. Damu hana. Akikatwa tena hatatoka mezani."

"Kati yako na yeye, daktari nani?"

"Yeye," akasema, wala hakukasirika. "Ndiyo maana nataka nimpelekee kitu cha kuona kwa macho. Fungua mdomo, Lule. Umekwenda choo lini?"

"Leo siku ya nane."

Hakuna aliyecheka. Vitore aliuinua mdomo wa Lule kwa kidole, akaangalia ufizi muda mrefu, akaniita. Pale jino linapoingia kwenye nyama palikuwa na mstari wa buluu iliyokoza, mwembamba kama uzi. Nilimzaa mimi, nikamwosha mimi, na sikuwahi kuuona. Kisha akamtoboa kidole, tone likaenda kwenye kioo.

"Nipe siku tatu," akasema.

"Siku tatu za kumwangalia akifa? Toka nyumbani kwangu."

Mchana ule ule tulimpakia Lule kwenye lori la magogo, tukampeleka hospitali. Daktari Kol akamwangalia, akapanga: Alhamisi asubuhi, kisu. Nikamwacha dada yangu kitandani pake, na Jumanne nikarudi Gurra kuoka mkate.

Nilipopita zahanati dirisha likafunguka. "Drande! Njoo uone damu ya mwanao."

Nilitaka kumtukana, lakini neno "mwanao" lilinivuta. Nikainamia ile hadubini. Mwanzo niliona kope zangu tu. Kisha nikaona duara nyingi za waridi, zimepauka, na ndani ya baadhi yake vitone vya buluu, vingi, kama mbegu ndogo juu ya mkate.

"Hizo duara ni chembe za damu," Vitore akasema sikioni mwangu. Alinukia tumbaku. "Damu hupikwa ndani ya mifupa. Mwishoni mwa mapishi huingia chuma, ndicho kinachoipa wekundu na nguvu. Na chembe kabla ya kutoka jikoni hufagiliwa makombo yake. Sasa kwa Lule chuma hakiingii na makombo hayakufagiliwa. Hayo ya buluu ndiyo makombo. Kuna kitu kimekaa jikoni kinawazuia wapishi wote. Mwalimu wangu alitufundisha vitu vichache vinavyofanya hivi, na kimoja tu ndicho kinachokaza tumbo na kuchora ufizi. Risasi. Yale madini laini, mazito, ya kijivu. Imo mwilini mwake, inaingia kila siku, na sijui inapitia wapi."

Mimi sikusikia mwisho. Nilisikia kwamba mwanangu kalishwa sumu, na miguu ikanipeleka yenyewe mpaka getini kwa Dava.

"Dava! Toka nje! Mmemlisha nini mwanangu?"

Dava akatoka na mikono ina unga. Mwanamke mrefu, mkavu, hajawahi kunikimbia. "Nani, mimi? Nimlishe wako, na mimi sina maji hata ya kumwagilia shamba langu?"

"Kijiji kizima kinaugua, kwako hata paka hapigi chafya! Mnafikiri hatuoni? Kikulacho ki nguoni mwako!"

"Kaoshe mdomo kwanza, mke wa mwizi wa maji!"

Wanawe wawili walikuwa wametoka, wamesimama nyuma yake. Huku kwetu neno kama langu halifutiki kwa samahani, hufutwa kwa damu, na nililijua hilo nikilitamka. Hapo Vitore akafika, anahema, koti wazi.

"Rudia ulichosema," akaniambia.

"Nirudie nini?"

"Kwa Dava hakuna anayeugua. Hata watoto?"

"Hata watoto!"

"Ugonjwa wa kweli hauogopi geti, Drande. Huu unaruka nyumba moja, basi kuna kitu nyumba hiyo haifanyi." Akamgeukia Dava, akatoa daftari lake. "Dada, nisaidie. Maji mnachota wapi?"

"Chemchemi ile ile ya wote."

"Raki?"

"Mtambo ule ule wa kijiji. Na mwanangu wa pili anakunywa kuwazidi wote, ukitaka kuandika andika."

"Chumvi? Jibini? Vyungu?"

Ikawa ndiyo, ile ile, ile ile. Halafu Vitore akauangalia ule unga mikononi mwa Dava. "Na mkate?"

Dava akacheka kwa pua. "Mkate wangu natoa jasho. Niliapa, unajua."

Vitore akanigeukia polepole, na mimi niliona anachokifikiria kabla hajafumbua mdomo.

"Usithubutu," nikamwambia. "Usithubutu, Vitore."

Alithubutu. Jioni ile aliingia nyumba kumi na moja, akatoboa vidole, hata cha Pal, akaandika nani anakula mkate wa wapi. Nyumba tatu walimfungulia mbwa. Wajukuu wa Dava aliwatoboa wote, na asubuhi ya Jumatano, kwa mwanga wa kwanza, aliviangalia vioo vyao: safi. Kisha akaja kinuni. Mimi nilikuwa pale, mkate wa Lule u moto kwapani, nikisubiri lori.

"Pal, simamisha kinu. Nataka uinue jiwe la juu."

Mume wangu ni mpole, lakini hapo alibadilika. "Ngano ya watu iko ndani. Na jiwe hilo alilichonga baba yangu. Simvui nguo mzee wangu kwa sababu ya matone yako ya damu."

"Nyoosha mikono mbele."

"Ya nini?"

"Nyoosha. Viganja chini. Sasa inua vidole juu, kama unamzuia mtu."

Mkono wa kushoto uliinuka. Wa kulia ulibaki umening'inia kama kitambaa kilicholowa. Pal akautazama kama si wake. Nilikuwa nimeona tangu mwezi wa tatu kwamba nyundo inamponyoka, na nikanyamaza, maana alisema ni baridi yabisi ya maji.

"Baridi yabisi inauma," Vitore akasema. "Huo unakuuma?"

"Hapana."

"Haukuumi, haunyanyuki. Mshipa wa fahamu umelala. Lule ana hicho hicho, njia nyingine tu. Kesho asubuhi wanampasua, Pal, na hatatoka. Inua jiwe."

Pal akafunga maji. Akalifunga jiwe kwa minyororo, akaning'iniza mwili wake mzima kwenye mti wa kuinulia, nami nikamsaidia. Jiwe likaja juu, likapinduka. Na usoni mwake, kila penye ufa, mistari ya kijivu iling'aa kama kijiko kipya.

Vitore akakwangua kwa kisu cha mfukoni. Mstari ukakatika kama jibini.

"Uliziba kwa kitu gani?"

"Risasi ya betri za lori. Niliyeyusha mwenyewe. Inajaa vizuri, haivunji jiwe."

"Umeziba mara moja tu?"

"Hapana. Kila mwezi inapungua kidogo, naongeza."

"Inapungua," Vitore akasema taratibu. "Inakwenda wapi, Pal?"

Pal alikaa juu ya gunia la mtu, mkono wake mbaya juu ya goti, akaanza kulia bila sauti. Nilimwendea. Hapo Vitore akauona mkate kwapani mwangu, umefungwa kitambaa cheupe.

"Huo ni wa unga gani, Drande?"

Nikasema. Nilisema kwa sauti ambayo sikuitambua. "Wa jiwe. Wa mgonjwa."

Nilisema kikulacho ki nguoni mwako, tena niliisema getini kwa mwenzangu kwa sauti ya kusikika ng'ambo. Methali ilikuwa ya kweli, mimi ndiye niliyekosea nguo. Kila nyumba yenye mgonjwa nilikuwa nimekwenda kwa miguu yangu, nikampa aliyezidiwa ule uliosagika karibu kabisa na risasi. Na kwa Lule nilikuwa nimeubembeleza uingie.

"Utalia baadaye," Vitore akaniambia, akanishika bega kwa nguvu mpaka likauma. "Lori linakuja. Beba hadubini. Ukiidondosha nitakuua."

Ilikuwa mara ya kwanza kumruhusu mtu alibebe lile sanduku. Nilikaa nalo mapajani saa nne nzima juu ya magogo, na kila shimo la barabara nililipokea kwa mifupa yangu ili vioo vyake visitikisike.

Daktari Kol tulimkuta ofisini, macho mekundu. Alikuwa daktari wa upasuaji peke yake kwa wilaya nzima, wenzake wameshapanda meli kwenda Italia. "Vitore, nina wagonjwa thelathini. Mtoto ameshaandaliwa, tangu mchana hali kitu."

Vitore akaiweka hadubini juu ya makaratasi yake, palepale, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. "Dakika tano. Ukiona sina kitu, pasua, mimi mwenyewe nitakushikia taa."

Akamwekea kioo baada ya kioo. Lule. Pal. Yule mzee wa vifungo. Halafu wajukuu wa Dava. Daktari aliinama kwa uvivu, kisha uvivu ukamtoka. Alirudia cha Lule mara tatu. Vitore akaweka kipande cha kijivu cha kutoka jiweni mbele yake.

Daktari akainuka, akaenda wodini moja kwa moja, nasi nyuma yake. Akalibonyeza tumbo la Lule kwa kiganja kizima, akamsikiliza akishusha pumzi. Akauinua mdomo, akauona ule uzi wa buluu. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mwezi wa pili nilimtoa kidole tumbo," akasema. "Kilikuwa kizima kabisa. Nikaandika kimevimba kidogo. Niliona haya kuandika kwamba sijui."

"Sasa unajua," Vitore akasema. "Na kisu?"

"Hakuna kisu. Kuna dawa inayoikamata risasi na kuitoa kwa mkojo. Kama ipo nchini humu, iko Tirana. Napiga simu sasa hivi."

Juu ya kikabati kulikuwa na nusu mkate wangu wa Jumapili. Vitore akauchukua, akautupa kwenye pipa la taka. Wodi nzima ilishtuka, bibi mmoja akajifanyia ishara ya msalaba. Kwetu mkate ukianguka chini unaokotwa, unabusiwa, unaombwa radhi. Mimi nilijiziba mdomo kwa ushungi. Sikumzuia.

Dawa ilifika Jumapili, chupa sita, na Daktari Kol hakuondoka pale mpaka tone la kwanza lilipoingia mshipani. Huku nyuma, kijijini, Pal alikuwa amelivunja jiwe la baba yake kwa nyundo, kwa mkono wa kushoto, mbele ya kila mtu. Kisha yeye na Vitore walipita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wautupe unga, na huo ulikuwa mwezi wa nne, maghala matupu, mavuno bado. Kuna waliowatemea mate. Kuna waliouficha chini ya kitanda, Vitore akautoa akiwa amepiga magoti, anakohoa tumbaku yake. "Nitarudi kesho," akawa anawaambia. "Na kesho kutwa. Sina mume, sina ng'ombe, nina muda wote." Nao walimjua, wakautupa.

Nilikaa na Lule hospitali siku tano baada ya dawa, na chakula chake kikawa supu ya maji. Siku ya sita mlango ukafunguka, akaingia Dava, mrefu, mkavu, na Vitore nyuma yake. Dava alikuwa na furushi dogo la kitambaa mkononi. Nikasimama.

"Usinishukuru," Dava akasema. "Sikuja kwa ajili yako."

"Nilikukosea getini kwako, dada."

"Ulinikosea, ndiyo. Tena kwa sauti. Tutayazungumza nyumbani, na habari za mfereji tutazungumza." Akakifungua kitambaa. Mkate mdogo, mzito, mweusimweusi, una makapi ndani yake. Umesagwa kwa mikono ile niliyokuwa nikiipigia vijembe. "Mpe mtoto."

Nikaupokea, nikamega tonge. Sikuweza. Mkono wangu ulifika nusu ya njia kwenda kinywani mwa Lule ukakataa, tonge likanidondokea shukani. Mkono ule ule, jamani. Vidole vile vile.

Lule alikuwa ameketi, mara ya kwanza tangu Pasaka. Aliliokota lile tonge, akalibusu kama nilivyomfundisha. Hakulila. Alilinyoosha kwangu, mpaka mdomoni pangu.

"Anza wewe, mama," akasema. "Hili la baba."

Kama alinihurumia au alikuwa ananipima, sijamuuliza mpaka leo, na sasa ana watoto wake. Nilifungua mdomo mbele ya Dava, mbele ya wodi yote, nikatafuna makapi na machozi. Wote wakaningoja mpaka nikameza. Ndipo Lule akamega la kwake.